Cheti cha Gari Kikikosewa: Karatasi Ifuate Chuma



Safu ya mwezi huu ni ya wenye magari, na zaidi ni ya wale wanaojipanga kununua gari la mkononi. Wengi wetu huku hatununui gari jipya. Tunanunua la mtu, ambalo naye alilinunua kwa mtu, na pamoja na gari tunarithi karatasi zilizopita mikononi mwa makarani, madalali na wamiliki tusiowajua. Injini tunaisikiliza, matairi tunayapiga teke, rangi tunaichungulia juani. Karatasi tunaikunja na kuitia mfukoni.

Karatasi hiyo ikiwa na kosa la tarakimu moja, gari linaweza kutembea miaka mitano bila shida. Shida huanza siku unapolihitaji liwe pesa: unapotaka kuliuza, unapodai bima, au unapotaka kuvuka nalo mpaka.

Tuanze na karatasi yenyewe. Nyumbani Tanzania tumezoea kadi ya gari inayotolewa na TRA. Wakenya wana logibuku yao, siku hizi chini ya NTSA. Afrika Kusini ni cheti cha usajili, na madirishani kila mtu hukiita RC1. Kilichoandikwa humo kinatoka kwenye NaTIS, mfumo wa taifa wa taarifa za magari na madereva. Kwa hiyo cheti ni kivuli tu cha kile kilichomo kwenye kompyuta. Ukikikwangua au ukikiandika kwa kalamu hujarekebisha kitu, umeharibu hati ya serikali. Kinachorekebishwa ni rekodi, kisha cheti kipya huchapwa.

Humo utakuta namba ya gari, namba ya chasisi, namba ya injini, aina ya gari na uzito wake. Utakuta pia watu wawili ambao wageni wengi tunawachanganya: mwenye hati na mmiliki. Gari likinunuliwa kwa mkopo, mwenye hati ni benki, na mmiliki ni wewe unayelitumia. RC1 hukaa kwa mwenye hati mpaka deni liishe. Ndiyo maana mtu akikuuzia gari huku akisema cheti "kiko benki", bado hana uhuru wa kukuuzia. Deni limalizwe kwanza, benki itoe barua, ndipo mzungumze.

Sasa nije kwenye mkasa ulionifanya niandike haya. Mwenye nao amekubali niusimulie, mradi nisitaje jina.

Ni familia ya watu wa Kigoma inayoishi Rosettenville, kusini ya jiji. Baba ni fundi wa umeme, mama anapika sambusa, chapati na wali wa sherehe, na watoto wanne. Walikuwa na Toyota Avanza ya mwaka 2014 waliyoinunua ikiwa imetumika. Ndiyo iliyobeba masufuria, watoto na waya za umeme kwa miaka yote hiyo. Januari binti yao mkubwa alipata nafasi chuo kikuu. Ada ya kuanzia ilitakiwa kabla ya katikati ya Februari, na kwa hesabu ya nyumba ile fedha ilikuwa sehemu moja tu, yaani kwenye Avanza. Mnunuzi alipatikana, mwalimu mmoja wa Soweto, wakakubaliana randi 105,000.

Hapa gari likibadilisha mmiliki linahitaji cheti cha ukaguzi kinachothibitisha kwamba linafaa barabarani. Cheti hicho kinafaa kwa siku 60. Baba akalipeleka kituo cha ukaguzi. Breki nzuri, taa nzuri, matairi mazuri. Kisha mkaguzi akainama na tochi kusoma namba ya injini, akatazama kompyuta, akainama tena. Kwenye injini tarakimu ya tatu kutoka mwisho ilikuwa 3. Kwenye rekodi ilikuwa 8. Ukaguzi ukasimama hapo hapo. Akaambiwa alipeleke gari polisi kwa uthibitisho.

Alinipigia simu jioni ile. Nilipofika kwao nilimkuta amekaa na jirani, fundi magari, kijana mwema kabisa, ambaye tayari alikuwa na dawa. "Kaka, hii kazi ya dakika kumi. Nampiga hiyo 3 iwe 8, kesho unarudi kituo kingine, mchezo umekwisha."

Naomba tusimame hapa kidogo, maana ushauri wa namna hii mtaani haukosekani. Namba iliyogongwa kwenye injini au kwenye chasisi ndiyo kitambulisho cha gari. Sheria ya barabara ya Afrika Kusini, Sheria namba 93 ya mwaka 1996, inakataza kuibadili. Jiji hili lina wizi mwingi wa magari, na wezi wana mtindo wa kutengeneza "pacha": wanachukua namba za gari halali na kuzipachika kwenye gari la wizi. Polisi akikuta namba iliyoguswa kwa patasi, hatakuuliza kama ulikuwa unafuata karatasi. Ulikuja na kosa la karani, umeondoka na kosa la jinai. Mgeni mwenye kibali cha kuhesabu miezi hatakiwi kabisa kuwa na kesi ya namna hiyo.

Kwa hiyo kanuni ni moja, nami nilimwambia pale pale mbele ya fundi: karatasi ndiyo inayorekebishwa ifuate chuma. Chuma hakiguswi kifuate karatasi.

Mama alikuwa jikoni akisikiliza. Akatoka akiwa na unga mikononi. "Shemeji, hilo nimelielewa. Lakini tukienda polisi wenyewe, na gari lenye namba mbili, tutarudi nalo?"

Swali lake lilikuwa la haki. Polisi wakiwa na shaka wanaweza kulizuia gari kwa uchunguzi, na likizuiwa, Februari ingepita nalo likiwa uani kwao. Sikumwambia kwamba hakuna hatari. Nilimwambia kwamba mtu anayelipeleka gari mwenyewe, akiwa na karatasi zinazoonyesha kosa limeanzia wapi, hatazamwi kama anayekamatwa nalo barabarani. Kazi yetu ya usiku ule ikawa kutafuta kosa limeanzia wapi.

Hapo ndipo mama alipoleta mkoba. Nyumba nyingi za kwetu zina mkoba wa namna hiyo, wenye vyeti vya kuzaliwa, kadi za chanjo, risiti za kodi ya nyumba. Ndani tulikuta risiti ya ununuzi wa gari, nakala ya cheti cha mmiliki wa zamani, na nakala ya cheti cha ukaguzi cha siku ile waliponunua. Nakala zote mbili zilikuwa na 3. Cheti chao kilichofuata ndicho kilichokuwa na 8. Maana yake gari halikubadilishwa injini, na muuzaji hakudanganya. Tarakimu iliteleza dirishani siku ya kuhamisha usajili, na hakuna aliyeisoma.

Tofauti hii ni kubwa, na msomaji aishike. Namba zisipolingana, sababu huwa moja kati ya tatu. Ya kwanza ni kosa la uandishi, kama hili. Ya pili ni injini iliyobadilishwa kweli: mwenye gari wa zamani aliua injini, akanunua nyingine iliyotumika, akaifunga bila kutoa taarifa. Hilo nalo hurekebishika, ila utadaiwa risiti ya injini hiyo na maelezo ya ilikotoka. Ya tatu ni gari lisilo halali. Karatasi za zamani ndizo zinazoonyesha uko kwenye sababu ipi.

Baba aliongeza kitu kimoja ambacho kilisaidia sana. Alikwenda kwa wakala wa watengenezaji wa gari akiwa na namba ya chasisi, akaomba barua inayosema gari lenye chasisi hiyo lilitoka kiwandani na injini namba gani. Barua ikatoka, ikasema 3.

Tukaandika pia hati ya kiapo: ameligundua lini, wapi, na karatasi zipi zinaonyesha namba sahihi. Kiapo unakila kituo chochote cha polisi, bila malipo. Akitokea mtu nje ya lango akakuomba fedha ya kiapo au ya muhuri wa nakala, mpite.

Siku ya kwenda polisi tuliondoka saa kumi na moja alfajiri. Jana yake injini ilikuwa imefutwa mafuta kwa kitambaa tu, bila msasa na bila brashi ya waya, ili namba isomeke bila kuonekana imechezewa. Askari alisoma namba ya chasisi, akasoma ya injini, akaingia kwenye kompyuta kuangalia kama gari limeripotiwa kuibwa. Kisha akachukua taa ya zambarau na kuanza kutafuta vidoti. Tangu Septemba 2012 magari mapya yanayosajiliwa Afrika Kusini lazima yapuliziwe vidoti vidogo mno vyenye namba ya utambulisho, vinavyong'aa chini ya taa hiyo. Avanza ya 2014 ilikuwa navyo. Vikapatikana, na vikakubaliana na chasisi.

Muda wote huo mama alisimama kando ya ukuta, mikono ameifungia ndani ya khanga. Askari alipomaliza alituambia, kwa Kiingereza chenye lafudhi ya Kizulu, kwamba gari ni safi na waliokosea ni wa ofisini. Akaandika uthibitisho, akapiga muhuri. Mama hakusema kitu. Alikwenda kukaa ndani ya gari.

Kutoka hapo ni dirisha la usajili. Tulikuwa na uthibitisho wa polisi, cheti chenye kosa, nakala za zamani, barua ya wakala, kiapo na pasipoti. Tulikuwa pia na cheti cha namba ya usajili wa barabarani. Hiyo ndiyo namba anayopewa mgeni asiye na kitambulisho cha Afrika Kusini ili aweze kuandikisha gari kwa jina lake. Pamoja na hayo yote tulirudishwa. Uthibitisho wa makazi ulikuwa kwa jina la mwenye nyumba. Kwa wapangaji wenzangu: bili peke yake haitoshi ikiwa si ya jina lako. Chukua bili ya mwenye nyumba isiyozidi miezi mitatu, pamoja na kiapo chake kwamba unaishi kwake. Sisi tulipoteza siku mbili kwa karatasi hiyo.

Mara ya pili ilipita. Rekodi ikarekebishwa, cheti kipya kikatoka kwenye mashine, namba ya injini ikiwa na 3 yake. Baba alitaka kukikunja. Mama akamshika mkono, akakiweka juu ya meza ya dirisha na kuanza kukisoma kwa kidole, tarakimu baada ya tarakimu, watu nyuma yetu wakiguna. Alipofika kwenye jina akasimama. Herufi ya jina la pili la mumewe ilikuwa N badala ya M. Karani aliangalia pasipoti, akaomba radhi, akachapa upya. Ilichukua dakika tano. Kosa lile la kwanza, ambalo halikusomwa dirishani, lilikuwa limechukua siku 19.

Katika siku hizo 19 mwalimu wa Soweto alikwishanunua gari jingine, wala hatumlaumu. Avanza iliuzwa wiki iliyofuata kwa randi 96,000. Chuo kilikubali binti aanze na sehemu ya ada, na salio ailipe kwa awamu. Anasoma. Mama anabeba masufuria kwa teksi za abiria na anasema wazi kwamba amechoka. Hiyo ndiyo bei ya tarakimu moja.

Makosa mengine yanayotukuta zaidi sisi wageni

Majina. Sisi tuna jina letu, la baba na la babu. Rekodi za hapa zinataka herufi za mwanzo na jina moja la ukoo. Karani anaweza kuchukua jina la baba akalifanya la ukoo, halafu benki wakachukua la babu, na leseni ya udereva ikafuata njia yake. Chagua mwongozo mmoja: mstari wa jina la ukoo kwenye pasipoti. Kila fomu iandikwe hivyo hivyo, herufi kwa herufi. Kama pasipoti yako ya zamani na mpya zinatofautiana, zishike zote mbili unapokwenda kurekebisha.

Namba ya mtu. Uliandikisha gari kwa namba ya usajili wa barabarani, baadaye ukapata ukaazi wa kudumu na kitambulisho cha hapa. Kwa mfumo, hao wanaweza kubaki watu wawili. Nenda na karatasi zote mbili uombe rekodi ziunganishwe, na ufanye hivyo mapema, kabla ya kutaka kuuza.

Anwani. Tunahama mara kwa mara, lakini barua za faini huenda kwenye anwani iliyomo kwenye rekodi. Johannesburg faini nyingi huendeshwa kwa utaratibu wa AARTO. Barua usiyoiona inaendelea kupanda ngazi mpaka inakuwa amri ya utekelezaji, na hiyo inaweza kukuzuia kupata diski mpya ya leseni ya gari. Ukihama nyumba, badilisha anwani.

Chasisi. Magari ya kisasa huwa na namba ya chasisi yenye herufi na tarakimu 17. Kwa kanuni ya kimataifa, herufi I, O na Q hazitumiki humo, kwa sababu zinafanana na 1 na 0. Ukiona O kwenye namba ya chasisi iliyoandikwa na muuzaji, jua mtu amekosea, ni sifuri. Makosa yanayojificha zaidi ni B na 8, S na 5, Z na 2.

Kabla hujatoa fedha

Soma namba kwenye chuma mwenyewe, ya chasisi na ya injini, na uilinganishe na cheti halisi, si na picha ya simu. Picha ipige wewe.

Angalia msimbo wa hali ya gari. Namba 1 ni jipya, 2 ni lililotumika, 3 ni lililojengwa upya baada ya kuharibika, na 4 ni lililofutwa kabisa. Gari la msimbo 3 si haramu, lakini thamani yake ni ndogo na bima zinalikwepa. Bei iwe ya msimbo huo.

Jihadhari na magari ya Japani yanayouzwa kwa bei ya kutupa. Tuliotoka Dar es Salaam na Mombasa tumezoea gari lililotumika kuletwa kwa meli, kwa hiyo hatushtuki. Afrika Kusini hairuhusu kuingiza magari yaliyotumika kwa ajili ya biashara ya kawaida. Mengi yanayoshushwa Durban ni ya kupita kwenda nchi jirani. Likibaki hapa njiani, hakuna dirisha litakalokuandikisha kihalali, na hapo hakuna karatasi ya kurekebisha.

Ukishanunua una siku 21 za kuomba usajili kwa jina lako. Ukiwa muuzaji, peleka taarifa ya kubadilika kwa mmiliki wewe mwenyewe, siku hiyo hiyo ukiweza, na ubaki na nakala. Usipofanya hivyo, faini za mwenzio zitaendelea kuja kwako.

Ukinunua kwa mfanyabiashara wa magari, Sheria ya Kulinda Walaji namba 68 ya mwaka 2008 inakupa miezi 6 ya kudai bidhaa yenye kasoro. Ukinunua kwa mtu binafsi huna kinga hiyo, na macho yako ndiyo dhamana.

Wanafunzi, nyie mnaonunua gari kwa kuchangiana wanne: cheti kitakuwa na jina la mmoja tu, na faini zote zitakuwa zake. Andikeni makubaliano, muweke saini, na huyo mmoja awe ndiye wa mwisho kuhitimu.

Jioni moja wiki hii toa cheti chako cha gari, chukua tochi, mwite mmoja wa watoto akusomee karatasi huku wewe unasoma chuma. Kama kuna tofauti, bora uijue leo wakati hakuna ada inayosubiri.

Tukutane mwezi ujao. Wasalimieni nyumbani.